Aliyeacha Pombe Apewe Nafasi ya Kusema

Mu Kimemi yetu, mtu akilewa barabarani watu wanamcheka, wanamtungia hata wimbo. Lakini siku anapoacha pombe na kutaka kueleza kwa shairi namna alivyotoka humo, jamaa inamwambia: «Nyamaza, utatuletea haya.» Sisi tuliokunywa na kuacha tumeambiwa neno hilo mara nyingi. Katika karamu moja, mwenzetu alifutwa kwenye programu kwa sababu shairi lake lilieleza ulevi wake mwenyewe. Nyimbo za kusifu bia zikapigwa mpaka asubuhi, na hakuna aliyeona haya. Jambo hilo tunalipinga.

Wenye kutukataza wanasema: «Ile haiko desturi ya Bayira. Mambo ya nyumba haisemwake inje.» Tunawauliza: kyaghanda ilikuwa ya kazi gani? Jioni wanaume walikaa kandokando ya moto, vijana wakasikiliza hadithi, mezali na mashauri ya wakubwa. Mtu alirudishwa njiani kwa maneno, mbele ya wenzake.

Wengine wanadai kwamba kasiksi ni utamaduni, na anayeiacha anaacha ukoo. Tuseme ukweli. Kasiksi ilitaka siku kadhaa: kuivisha ndizi, kuzikamua, kuchanganya maji yake na unga wa mtama au ulezi, kisha kungoja yachachuke. Ilikuwa na saa yake: mahari, matanga, mapatano. Je, kile kichupa cha plastiki cha pombe kali, chenye kununuliwa asubuhi mbele ya chai, ni desturi ya babu gani?

Tena, tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yameongeza matanga, na wakimbizi wamefika mpaka hapa Butembo. Wengi wanakunywa «juu ya kusahau». Kesho yake wafu hawakurudi, na feza ya chakula imekwisha. Mwenye uchungu kama ule anahitaji mahali pa kuutosha moyoni. Shairi ni mahali pamoja. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto, alitusomea hivi:

Nilikunywa bei ya kahawa,
nikakunywa minervale ya mtoto,
nikakunywa mbuzi wa mahari,
na chupa ikabaki na kiu.

Hakuna aliyecheka. Jirani aliyekuja kutega sikio tu aliomba arudiliwe ule mstari wa minervale.

Wala jambo hili si jipya. Abunuwas, tunayemjua katika hekaya kama mtu wa werevu, alikuwa kweli mshairi wa Baghdad, aliyefariki karibu na mwaka 815. Alisifika kwa mashairi ya divai, lakini aliacha pia mashairi ya toba. Na kule Akron, Marekani, mwaka 1935, Bill Wilson na daktari Bob Smith walianzisha Alcoholics Anonymous juu ya msingi huu: mlevi amweleze mlevi mwenzake yaliyompata yeye mwenyewe.

Hatusemi shairi ni dawa. Aliyekunywa sana kwa miaka, akiacha kwa gafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Huyo apelekwe hospitali kwanza. Maombi nayo hatuyakatazi. Lakini daktari akiisha kumtunza na pastere akiisha kumuombea, nani atamfundisha kukaa tena kati ya watu bila chupa mkononi na bila uongo mdomoni?

Tunakubali pia sheria. Kila mtu aseme yake, si ya jirani. Jina la mke au mtoto lisitajwe kama hawakukubali. Na asiitwe mbele ili awe kichekesho cha sikukuu.

Basi, ninyi wakubwa wa ukoo, walimu na wasimamizi wa karamu, wekeni nafasi hiyo katika programu zenu. Tulipokuwa tunaanguka mlitusikia wote, maana tulipiga kelele. Sasa tumesimama: mtusikie pia.