GURAMI: SAMAKI WAPOLE WANAOHITAJI MAMA MWENYE SUBIRA



Watoto wakishaona tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, nyumba haina usingizi. "Mama, na sisi tununue!" Basi tangi hununuliwa asubuhi, samaki wakatumbukizwa jioni ileile, na kabla ya wiki mbili kwisha wanaelea tumbo juu huku mtoto analia. Mara nyingi samaki hao hawakuwa wagonjwa. Nyumba yao ilikuwa haijawa tayari.

Mwezi huu tuzungumze juu ya gurami, samaki wa maji yasiyo na chumvi, mwenye sifa ya upole. Upole wake ni wa kweli, lakini humtegemea yule anayemtengenezea makao.

Gurami ni samaki gani?

Asili yake ni Asia. Huishi katika maji yaliyotulia, yenye majani mengi na hewa kidogo. Kwa sababu hiyo ana kiungo cha pekee juu ya matamvua, chenye mikunjo na mishipa mingi ya damu, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Ukimwona anapanda, anadonoa hewa na kushuka tena, usishtuke. Anapumua.

Hivyo usijaze tangi hadi ukingoni. Acha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 chini ya kifuniko. Faida yake utaiona siku umeme ukikatika: pampu ikisimama, gurami hataishiwa pumzi upesi kama samaki wengine.

Chini ya kifua ana mapezi mawili membamba kama nyuzi. Hayo huyatumia kupapasa mbele yake, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Wapole si wote

Muuzaji atakuambia gurami ni gurami. Usikubali upesi.

1. Gurami wa asali, kutoka India na Bangladesh. Hufikia sentimita 4 hadi 5 tu. Jozi moja hutosheka na tangi la lita 60. Huyu anafaa sana kwa anayeanza.

2. Gurami wa lulu, kutoka Thailand, Malaysia na Indonesia. Ana madoadoa meupe mwili mzima na hufikia sentimita 10 hadi 12. Mpe lita 100 au zaidi, dume mmoja na majike wawili au watatu.

3. Gurami kibete ana rangi za kuvutia, nyekundu na buluu, lakini madume hupigana. Pia hushambuliwa na virusi visivyo na tiba.

4. Gurami wa buluu huuzwa akiwa mdogo na mnyenyekevu. Akikua, wengi huwa wagomvi.

Usiwachanganye na samaki wanaong'ata mapezi, wala na mbuna wa Ziwa Nyasa. Mbuna ni wakali, tena hupenda maji magumu yenye chokaa. Gurami hupenda maji laini zaidi.

Amani hutengenezwa

Hata samaki mpole hugomba akikosa pa kujificha. Weka mimea mingi, mingine ielee juu ya maji. Dume awe mmoja. Maji yasiende kwa kasi, na joto liwe nyuzi 24 hadi 28. Walio Mbeya au Njombe watahitaji hita.

Dume akitaka kuzaa hupuliza mapovu juu ya maji akajenga kiota. Mayai yakishawekwa humo, yeye ndiye mlinzi. Humfukuza hata jike mwenyewe, kwa hiyo mama yule ahamishwe apumzike. Waite watoto waone baba anavyolea.

Kwa nini tusubiri?

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wema wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu bado, kisha wengine huigeuza kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo washa chujio, tia chembe za chakula cha samaki kila siku mbili tatu, ungoje. Nunua vipimo vya maji. Amonia na nitriti zikisoma sifuri wakati nitrati imeanza kuonekana, samaki waingie wachache wachache.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua samaki na bakteria pia. Tumia dawa ya kuiondoa kila unapoongeza maji. Badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji ya chujio isuuzwe katika maji uliyotoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Usalama wa nyumbani

Sasa niseme kama muuguzi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 100 lina kilo 100 kabla hujahesabu kioo na mawe. Meza dhaifu ambayo mtoto mchanga huishika ajifunze kusimama haifai kabisa. Chomoa umeme kabla ya kutia mkono majini. Ndoo ya kubadilishia maji isiachwe sakafuni, kwani mtoto mdogo huweza kuzama ndani ya ndoo.

Usivute mpira wa maji kwa mdomo. Ukiwa na jeraha mkononi, vaa glavu, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kugusa maji hayo. Yako bakteria wa majini, jamaa ya wale wa kifua kikuu, wanaoweza kuingia penye mchubuko. Wiki kadhaa baadaye hutokea uvimbe au kidonda kisichopona kwa dawa za kawaida. Kikitokea, mwambie daktari wazi kwamba nyumbani mnafuga samaki. Neno hilo moja laweza kukuepusha na miezi ya dawa zisizofaa.

Mwisho, mkichoka kuwafuga, warudisheni dukani au mpeni jirani. Wasitupwe mtoni. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 alimaliza aina nyingi za samaki wa huko.

Basi mama, wiki hizo sita za kungoja mpe mtoto daftari na kalamu, aandike kipimo cha maji kila Jumamosi. Siku gurami wakiingia, atakuwa ameshajua kwa nini wanaishi.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.