Bei yangu ni ngapi, na ya jirani yangu ni ngapi?



Juma iliyopita tulikuwa watu tisa mu mkutano wetu wa kartie, na mega zilikuwa zimetuishia karibu wote. Tukapiga kodi ya promosio ya kompanyi moja ya simu, kodi ileile, saa ileile, tumekaa ku mabenchi yaleyale. Mmoja akapewa giga moja kwa faranga 1.500. Mwenzake aliyekaa kando yake akaombwa faranga 2.200 kwa giga ileile, ya siku zilezile. Wa tatu hakuonyeshwa giga hata kidogo. Tulicheka kwanza. Kisha yaya mmoja, mwalimu, ambaye iko na namba hiyo tangu miaka kumi na moja na hajawahi kuiacha, akaangalia simu yake akasema: "Kumbe mimi njo mjinga wenu." Bei ya juu ilikuwa yake.

Mesaji ilimwandikia kwamba ni ofa ya kwake yeye pekee. Hiyo sehemu ilikuwa kweli. Ile ambayo haikuandikwa ni kwa nini yeye alipe hivyo, na ni kitu gani juu ya maisha yake kilichotumika kupanga ile bei.

Tunajua kuna watakaotuambia: hii si kitu cha mpya, sokoni tunaishi hivyo tangu zamani. Mama muuzaji anakuangaliaka viatu kabla ya kutaja bei. Ukishuka ku gari, kipimo cha unga kinapanda. Muzungu analipaka bei ya muzungu. Ni kweli, hatuwezi kudanganya, na wengine wetu tumesomeshwa na mama zetu kwa bei za namna hiyo.

Lakini tuangalie vizuri. Sokoni mama anakuona, na wewe unamuona. Anasema elfu tatu, unamwambia "mama, punguza, mimi ni mtoto wako", anashuka mpaka elfu mbili mia tano, unaomba matabishi, anakuongezea mkono mmoja wa maharagi huku analalamika. Akikataa, unapiga hatua tatu kwa mama wa pili, ambaye alishasikia maneno yote na anakuita. Na kesho yake yule wa kwanza amesahau. Mashini haisahau. Inajua mshahara wako unaingiaka tarehe gani ku simu. Inajua ni saa ngapi ya usiku unanunuaka vile vimega vya faranga mia. Inajua umekopa unite mara ngapi mwezi huu, na unalala kartie gani. Wewe juu yake hujui kitu. Hauwezi kuiambia punguza. Na mama wa pili hayuko pale, sababu bei ya jirani iko imefichwa ndani ya simu ya jirani. Sisi hatuiite hiyo kubishana bei. Ni kucheza karata na mtu ambaye amekwisha kuziona zako zote.

Leo ni mega. Lakini taksi tunaitia ku simu, chakula tunaagiza ku simu, na mu supermarketi za mjini wanakuomba namba yako kabla ya kukupa karte ya mteja mwema. Kila risiti inaingia mahali. Kadi ya simu yenyewe tunainunua kwa kuonyesha karte ya uchaguzi, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Hakuna mtu aliyetuuliza kama hayo yote yanaweza kuwa mizani ya kupimia mfuko wetu.

Wenye biashara wana jibu moja wanalolipenda: bei ya kila mtu peke yake inasaidia maskini, maana tajiri atalipa zaidi na maskini atalipa kidogo. Tungependa kuamini. Ila mwaka 2012, kule Marekani, gazeti la Wall Street Journal lilichunguza duka la intaneti la Staples, linalouza vitu vya ofisi. Likakuta kitu kilekile kina bei mbili, kufuatana na mahali programu inakisia mnunuzi anakaa. Aliyekuwa karibu na duka la mshindani alipunguziwa. Aliyekuwa mbali na mshindani alilipa bei kamili. Na mitaa iliyopunguziwa ilikuwa, kwa wastani, ile yenye kipato cha juu. Pengine hakuna mtu aliyekaa mezani akasema "tuwapandishie maskini". Mashini ilitafuta tu nani hana pengine pa kwenda, na wasio na pengine pa kwenda, mara nyingi, ni maskini.

Sasa rudisheni hiyo huku kwetu. Ni makartie ngapi, ni vijiji ngapi vya Tanganyika, vya Haut-Katanga, vya Kivu, ambako mtandao unaoshika ni mmoja tu, na tena lazima upande kilima? Kule Goma banki zilifungwa Januari 2025, watu wakabaki na pesa ya simu kama mlango pekee. Mtu aliyekimbia vita, ambaye simu yake imebadilisha mnara mara nne mu juma moja, mashini itamsoma namna gani? Itamsoma kama mtu ambaye lazima apige simu leo, kwa bei yoyote. Hilo njo linatutia hofu, kuliko zile faranga mia saba za yaya yetu mwalimu.

Na yeye tusimsahau. Wachina wako na neno kwa kitu kilichompata: wanasema data kubwa "inamchinja aliyezoeleka". Mteja mpya anavutwa kwa bei ndogo, wa zamani anapandishiwa, sababu imeshajulikana kwamba hataondoka. Uingereza walikuta mchezo huohuo mu bima za gari na za nyumba: ukibaki mwaminifu, kila mwaka bei inapanda kidogo kidogo, unaona ni maisha tu. Tangu tarehe 1 Januari 2022 mamlaka yao ya mambo ya pesa imekataza: mteja wa zamani asitozwe kuliko mpya kwa bima ileile. Kwa hiyo wasituambie haiwezekani kupangiwa sheria.

Wengine pia wameanza. China iko na sheria ya data za watu tangu Novemba 2021, inayokataza mashini kubagua wanunuzi ku bei bila sababu ya haki. Mu nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji wa ku intaneti lazima amjulishe mnunuzi kama bei imepangwa kwa ajili yake na mashini. Jimbo la New York, tangu Novemba 2025, linalazimisha biashara iandike kando ya bei yenyewe kwamba imepangwa na algoritimu kwa kutumia data za mnunuzi. Sisi tunaona kuandika peke yake ni kidogo. Ukisoma kibao kinachosema "hapa tunakuibia", na duka liko moja tu, utafanya nini? Lakini kibao kinampa mtu kitu cha kushika mkononi akienda kulalamika, na leo huku kwetu hatuna hata kibao.

Sheria si kwamba hazipo. Katiba yetu, artikle ya 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Tuko na sheria ya 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Tuko na Kode ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu juu ya data za watu, na inayotaka iwepo mamlaka ya kuzilinda. Karatasi ni nzuri. Bei, ku sheria, iko huru. Sisi tunauliza kama uhuru huo ni wa muuzaji peke yake.

Tunachoomba ni hiki. Kila ofa ya simu iwe na bei ya wazi, bei ya watu wote, inayoandikwa pale mtu yeyote anaweza kuisoma, na hakuna mteja atakayetozwa juu yake kwa sababu ya vile simu yake inajua. Kupunguza, wapunguze: mwanafunzi, mgonjwa, mama mjamzito, mteja mpya, sawa, lakini waseme kanuni yake mbele ya wote ili kila anayestahili aipate. Mahali mtu analala, minara aliyopitia, madeni yake madogo ya unite, saa zake za usiku, hayo yasiguse bei hata siku moja. Mtu akiuliza "kwa nini mimi 2.200?", apewe jibu lililoandikwa, mu lugha anayosikia. Na ARPTC isingoje malalamiko yetu. Inunue yenyewe kadi kumi, mu miji kumi, ipige kodi, ilinganishe. Hiyo kazi inamaliza siku moja.

Kuna watakaosema vijana tunatafuta makubwa. Tukumbuke RAM. Tangu 2020 walikuwa wanatukata unite juu ya kuwa na simu tu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya kisasa, bila kutuuliza. Walituambia ni mambo ya ufundi, hatuwezi kuelewa. Watu walielewa vizuri sana, sababu kila mtu aliona unite zake zinapotea. Kelele zikatoka barabarani, zikafika bungeni, na 2022 ikaondolewa. Hii ya sasa ni ngumu kuliko ile, kwa sababu moja: RAM ilitukata wote pamoja, tukalia pamoja. Bei ya kila mtu peke yake inatukata mmoja mmoja, na kila mtu anafikiri ni yeye tu.

Njo maana tunaanza na kazi ndogo. Jumamosi, saa nne asubuhi, kaeni watu watano au kumi mahali pamoja, wa mtandao mmoja. Pigeni kodi moja ya promosio, kila mtu apige foto ya skrini yake, muandike kando: mji, kartie, na miaka ambayo mtu amekuwa na hiyo namba. Mtafute hata mzee mmoja wa kartie, wao wanakaaka na namba moja muda mrefu. Kisha mutuletee. Lakini kabla ya kutuma, kateni jina na namba ku foto. Sisi tunataka bei tu, hatutaki data zenu.