Sare ya Kwaya na Mama Mwenye Mwili



Mwezi huu sharti nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Tuliponunua kitenge cha sare ya kwaya hapa Namasakata, mimi ndiye niliyeshika daftari la michango. Kila mama alitoa fedha ya yadi 4. Wawili kati yetu, wenye mwili, fundi aliwapima akasema hapatoshi, kila mmoja anahitaji yadi 6. Nikajibu upesi, "Basi, anayetaka zaidi aongeze mwenyewe." Mmoja aliongeza. Mwenzake alicheka pamoja nasi, akakunja kitambaa chake akaenda nacho nyumbani. Jumapili ya sikukuu hakuja, wala iliyofuata.

Wapo watakaosema kwamba mwenye mwili mkubwa alipe zaidi. Lakini mama huyu analima kama sisi, naye simjui kwa ulafi. Tena si yeye peke yake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi. Hao ndio wanaopekua marobota ya mitumba hadi jasho linawatoka. Namba zenyewe zinachanganya, maana gauni la 12 la Marekani ni sawa na la 16 la Uingereza. Kisha muuzaji anapaza sauti, "Mama, saizi yako hakuna!" Mnada mzima unageuka kutazama.

Zahanati nako kuna saizi. Kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kikiwa kidogo kwa mkono mnene, kipimo husoma juu kuliko hali ilivyo, na mama anaweza kupewa dawa asizozihitaji. Sijapata kumwambia mgonjwa alipie kitambaa kikubwa. Jambo hilo nalijua kazini, kanisani nililisahau.

Usiku mmoja nilifungua daftari nikapiga hesabu. Tulikuwa 12: kumi kwa yadi 4, wawili kwa yadi 6, jumla yadi 52. Tungegawana sawa, kila mmoja angelipia yadi 4 na theluthi. Theluthi ya yadi, akina mama! Kwa hiyo tulipoteza sauti ya pili iliyo nzuri kuliko zote tulizo nazo.

Jumamosi nilimwendea na yadi 2 mkobani. Rangi imepishana kidogo, kwani kile cha kwanza kimekwisha dukani. Nilimwomba radhi. Alikigeuzageuza kitambaa, akaniuliza kama fundi bado anapokea kazi.

Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi.