Kompyuta Isiwafiche Wanafunzi Unene wa Kikatio

Seremala yeyote wa Karatina ajua jambo ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi hulisahau punde waketipo mbele ya kompyuta: msumeno hula mbao. Akishapiga mstari, haupitishi msumeno juu ya mstari wenyewe. Huupitisha ubavuni, upande wa kipande kitakachotupwa. Akikosea upande, meza hupungua.

Mashine za CNC, yaani zile zinazochonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta, zina msumeno wao, nao ni kikatio kinachozunguka. Mji wa Nyeri una bahati katika elimu hii. Chuo cha Kimathi, kilichozaliwa kwa harambee katika miaka ya 1970, kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Vijana waliofunzwa ufundi mjini humo hutafuta kazi hadi Nanyuki, na hadi Kerugoya palipo na mashine za kumenyea kahawa na mitambo ya majani chai inayohitaji vipuri. Je, wanakwenda huko wakiwa wameiva?

Tuchukue mfano. Kikatio kina kipenyo cha milimita 12. Programu ya kompyuta huchora njia ya kitovu chake milimita 6 kutoka ukingoni, na tundu la beringi la milimita 47 hutoka sawa. Lakini vikatio ni ghali, nasi huvinoa. Baada ya kunolewa kipenyo hubaki, tuseme, milimita 11.8. Njia ni ile ile. Tundu sasa lina milimita 46.8, na beringi haiingii ng'o.

Aghalabu mwanafunzi hukimbilia kompyuta, akabadilisha mchoro uwe wa milimita 47.2. Huo, kwa maoni yangu, ni uongo wa kitaalamu. Kesho mwenzake atafunga kikatio kipya, afuate mchoro uliopotoshwa, na tundu litapwaya pasipo dawa. Na ikiwa mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta ameshuka mjini, kazi hulala.

Njia iliyo bora imekuwapo kabla ya programu hizi. Amri ya G41 huiambia mashine isogeze kikatio kushoto mwa njia, G42 kulia, na G40 huifuta fidia hiyo. Programu ikitia amri hiyo katika mkato wa mwisho, fundi aliye mbele ya mashine huandika tofauti tu, yaani 0.1 ya kupunguza, akakata tena, na beringi ikaingia. Ajihadhari, hata hivyo: mashine nyingine hudai nusu ya kipenyo, nyingine kipenyo kizima. Na atakayeandika 5.9 yote, hali kompyuta imekwisha kuhesabu 6, atakipeleka kikatio mbali na njia yake.

Sisemi kwamba G41 ni mwarobaini. Fidia huanza kwa mwendo ulionyooka, si wa tao, kabla kikatio hakijagusa ukingo. Na mashine ikiachiwa fidia yote, mwendo huo usiwe mfupi kuliko nusu ya kipenyo. Kona ya ndani yenye tao la milimita 5 haiwezi kukipokea kikatio chenye nusu kipenyo cha 6: mashine itagoma au, vibaya zaidi, itakula ukuta. Nyuso zilizobinuka, kama za kalibu, hazifidiwi hivyo kabisa. Huko hapana budi kompyuta ihesabu njia upya.

Mipaka hiyo ndiyo hasa ninayotaka ifundishwe, na mtihani unaomalizikia kwenye kioo cha kompyuta hauwezi kuipima. Walimu wenzangu, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kugusa programu ya kuchora, naaandike kwa mkono wake maagizo ya mraba mmoja wa milimita 40. Aukate kwa kikatio kilichonolewa, aupime, auone umezidi, kisha ausahihishe palepale kwenye mashine bila kuugusa mchoro. Chuma hakihitajiki, kipande cha mbao ngumu chatosha.