Mtambo utambuao picha bila sarufi haujui kujitetea

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kwamba sentensi huundwa kwa kirai nomino na kirai kitenzi. Wachache wanajua kuwa kanuni za aina hiyo ziliwahi kutumiwa kuifunza tarakilishi kusoma picha na kuzichora.

Chimbuko lake ni mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, aliyeonyesha katika miaka ya 1950 kwamba kanuni chache zaweza kuzalisha sentensi zisizo na kikomo. Wataalamu wa tarakilishi wakalichukua wazo hilo: mistari na pembe zikawa maneno, nazo kanuni zikaamua kipi kiungane na kipi. Mnamo 1978, George Stiny na William Mitchell walitumia sarufi ya maumbo kuzalisha ramani za nyumba kwa mtindo wa Andrea Palladio, msanifu majengo wa Italia wa karne ya 16.

Ubora wa mbinu hiyo ni uwazi. Tarakilishi inapoikataa picha, kanuni iliyovunjwa yaweza kutajwa.

Hata hivyo, picha halisi zina vivuli na madoa, na kuandika kanuni kwa kila hali ni kazi isiyokwisha. Mwaka wa 2012, mtambo wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, uliojifunza kwa kuonyeshwa takriban picha milioni 1.2, uliwaacha washindani mbali. Tangu hapo, sarufi imesukumwa pembeni.

Ushindi huo una gharama. Mitambo ya kuchora iliyovuma mwaka wa 2022 iliwapa watu vidole sita, kwa kuwa haikuandikiwa kanuni yoyote kuhusu kiganja. Hilo ni la kuchekesha. La kuhuzunisha ni kwamba Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mtu asiye na hatia baada ya mtambo kuifananisha sura yake na ya mwizi wa saa.

Nchini Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa raia haki ya kutohukumiwa na mtambo pekee katika jambo linalomwathiri pakubwa. Lakini atapingaje uamuzi usio na sababu?

Si lazima kurejea enzi za kanuni tupu. Lakini panapoguswa haki ya mtu, mtambo usioweza kueleza sababu usiachiwe neno la mwisho. Hata mwalimu wa insha hatii alama nyekundu tu. Huonyesha kanuni iliyokiukwa.