Kanuni za magari ya mbio ni ngao ya dereva mnyonge

Kurejea kwa Safari Rally katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutengwa tangu 2002, kulifufua swali la kale: gari la dereva asiye na mfadhili laweza kuhimili mawe bila kukiuka sheria?

Sehemu ya nyuma, inayobeba tangi la mafuta na gurudumu la akiba, hupokea kishindo kikubwa. Kanuni za Kundi N, zilizolea Subaru na Mitsubishi nyingi za mbio humu nchini, huruhusu springi kubadilishwa, na shokamzoba pia, mradi idadi, aina na mahali shokamzoba hizo zinapofungwa visibadilike. Mahali hapo paweza kuimarishwa.

Fundi wa Makutano, Meru, aliyezoea kuimarisha springi za matatu, anao ujuzi huo. Lakini akihamisha tundu la boliti ili kuinua gari, huenda dereva akaondolewa mashindanoni.

Wapo wanaoziona kanuni hizi kuwa pingu. Ukweli ni kwamba bila mipaka, ushindi ungenunuliwa karakanani kabla ya mbio kuanza. Kinachohitajika ni kanuni hizo kuwafikia mafundi kwa Kiswahili.