Mkanda ununue mwisho

1/
Wa zamani humu mnanijua, nikitoka zamu ya usiku usingizi ukagoma, naandika. Leo siongelei presha wala sukari. Leo ni pikipiki. Usipite, maana kuna mdogo wako au mumeo anaangalia video hizo hizo saa hizi.

Kwa wageni: niko Boise, Idaho. Huku tupo waongeaji Kiswahili wengi, hasa ndugu zetu Wakongo waliopitia kambi za Kigoma, na sisi Wabongo wachache. Vijana wengi huko nyuma walikula kwa bodaboda. Wakishatulia hapa wananunua pikipiki za motokrosi, zile ndefu za vumbi. Kiangazi mambo safi. Theluji ikianguka chombo kinaingia gereji na mwenyewe ananuna mpaka Aprili. Halafu siku moja anaona pikipiki kama yake inapanda mlima mweupe bila tairi. Basi, nyumba haikaliki tena.

2/
Kwa asiyejua, inafanywa hivi. Tairi la mbele linatoka, inawekwa skii moja pana. Nyuma unatoa tairi pamoja na ule mkono wa chuma unaolishika, unafunga mkanda mrefu wa mpira wenye meno, na shokapu zake humo humo. Cheni ya injini inazungusha shafti, shafti inazungusha mkanda. Breki ya nyuma inahamia kwenye diski ya ule mkanda. Injini inabaki ile ile, wengi wanatumia 450.

Vidogo vidogo ndo vinaliza watu. Baridi inapoza rejeta kupita kiasi, kwa hiyo unaongeza thamostati na kuifunika injini ipate joto lake. Njia ya hewa unaikinga isimeze theluji. Vishikio unaweka vya umeme vinavyopasha moto. Na swichi ya kuzimia yenye kamba unaifunga mwilini, kwa sababu waya wa mafuta ukiganda ukiwa umevutwa, chombo hakikusikilizi.

Kampuni iliyoivumisha biashara hii, Timbersled, ilianzia hapa hapa Idaho, mji wa Sandpoint. Mwaka 2015 ikanunuliwa na Polaris, na 2017 mashindano yake yakaingia X Games kule Aspen. Sio mchezo wa wahuni wawili watatu tena. Seti mpya ni dola elfu kadhaa, na pikipiki ni juu yako.

3/
Nimeipanda. Msiseme nesi anaogopa tu. Mdogo wangu alinipakiza kwenye gari mpaka juu ya McCall, kwenye uwanda usio na mteremko, akaniambia, "Dada, simama, usikae, vuta mafuta usiogope." Nilianguka mara nne na kila mara ilikuwa kama kuangukia godoro. Ya tano ikainuka, skii ikaelea, nikawa natelea juu ya kitu kisicho na sauti. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti kama chizi. Kwa hiyo namwelewa kabisa anayeitaka.

4/
Na hapo ndipo penye shida: ni rahisi mno.

Ile mashine ya theluji ya kawaida, pana yenye skii mbili, inamchukua mtu misimu kadhaa kujifunza kuikata mlima ubavuni. Katika misimu hiyo anapotea, anakwama, anazungumza na wazee wa mlima, anajifunza theluji taratibu. Pikipiki hii ni nyembamba na inalala upande kama pikipiki yoyote. Dereva wa boda mzuri, wiki ya pili tu yuko ubavuni mwa mlima, anapenya katikati ya miti ambako mashine pana haipiti. Mikono imefika, akili ya theluji haijafika.

Maporomoko ya theluji mengi yanatokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na ndiyo hiyo hiyo tamu kupanda. Kwa wanaokufa, mara nyingi sana aliyeyaamsha ni marehemu mwenyewe au mwenzake. Mlima haukuvizii. Unauamsha wewe.

5/
Sasa hili nisikie vizuri, hasa kama umewahi kukaa kijiweni.

Bodaboda akianguka, wenzake wanafanyaje? Wote wanakimbilia. Hiyo ndo heshima ya kijiwe, nimeiona Moshi tangu niko sekondari. Mdogo wangu ana hiyo heshima mpaka kwenye mifupa. Msimu uliopita rafiki yake alikwama katikati ya mteremko, mkanda umejichimbia. Mdogo wangu akapanda kumsaidia. Wa tatu naye akapanda. Watu watatu na vyuma vitatu juu ya theluji ile ile, na hakuna hata mmoja mwenye koleo.

Mteremko haukukatika. Hawakufanya chochote cha kuuzuia, ni bahati tu. Walirudi saa nane usiku, vidole vitatu vya mdogo wangu vyeupe kama mshumaa, na mimi nilikuwa nimeshapiga simu yake hadi nikaacha kuhesabu. Kule juu mtandao hakuna.

Ukienda kozi watakwambia ajali za watu wa mashine mara nyingi ndo zinakuwa hivi: mmoja kakwama, wa pili anapanda kumsaidia, uzito wa pili ndo unaoukata mlima. Aliyekwama ajichimbue mwenyewe. Wewe ukae pembeni, pasipofikiwa na theluji ikishuka, macho kwake, kifaa tayari. Najua inauma, inaonekana kama roho mbaya. Lakini mkifukiwa wote nani atawafukua?

6/
Upande wangu wa unesi sasa, nitaenda haraka.

Aliyefukiwa kwa kawaida hauawi na baridi kwanza. Anakosa hewa. Pumzi yake mwenyewe inagandisha barafu usoni. Akitolewa ndani ya dakika 10 hivi za mwanzo, zaidi ya tisa kati ya kumi wanaishi. Ikifika nusu saa, ni kama theluthi moja. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Anayefika ni yule mliyekuja naye.

Ukimtoa hapumui, safisha mdomo na anza na pumzi, halafu kifua. Usiseme amekufa kwa sababu ni wa baridi. Huku hospitalini tuna msemo kwamba mtu hajafa mpaka awe na joto na bado amekufa.

Vidole vilivyoganda usivisugue, na theluji ndo kabisa usiisogeze. Maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na usianze kama kuna uwezekano vikaganda tena njiani. Vya mdogo wangu niliviokoa jikoni kwenye beseni la kuoshea mchele, huku namtukana. Mpaka leo kimoja hakina hisia vizuri.

7/
Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na sibadili: mkanda ununue mwisho.

Kwanza kozi. Know Before You Go ni ya bure kabisa, ianzie hapo. Halafu kozi ya siku kadhaa ya AIARE, wanayo ya watu wa mashine. Kisha redio ya kutafutana, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na koleo la chuma. Viwe mwilini mwako, sio vimefungwa kwenye pikipiki, maana pikipiki inaweza kwenda kwake na wewe kwako. Redio zote zinatumia 457 kHz, kampuni yoyote. Ila simu, glavu za umeme na injini inayowaka vinaivuruga. Ukianza kutafuta mtu, zima injini, glavu za umeme vua. Ongeza kifaa cha setilaiti.

Na kila asubuhi ya kwenda, soma taarifa ya kituo cha maporomoko. Kwetu ni Payette au Sawtooth, inategemea unaelekea wapi. Ngazi ni tano, na watu wengi wanakufa siku za ngazi ya 3, kwa sababu tatu inasikika kama wastani.

Utaniambia hela haitoshi. Inatosha mkanda haitoshi koleo? Hapana jamani.

8/
Kuna aliyeniuliza inboksi kwa nini nisimkataze tu. Ana miaka 27 na analipa kodi yake. Nikimkataza ataenda bila kuniambia, nami sitajua hata ni mlima gani.

Seti yake imefika Alhamisi, boksi bado halijafunguliwa, liko gereji kwangu na ufunguo ninao mimi. Kozi inaanza Ijumaa ijayo. Nimelipia nafasi mbili, ya pili ni yangu, kwa sababu atahitaji mtu wa kumchimba. Zamu yangu ya Jumamosi nani anaichukua?